Gari nililoliacha Magongo limekwenda harusini bila mimi

Wallahi, leo nimekasirika!

Nilipokwenda Nairobi niliacha gari langu uani kwa mzee mmoja wa Magongo, karibu na uwanja wa ndege wa Mombasa. Bei nafuu, geti la chuma. Akaniomba funguo, eti huenda akahitaji kulisogeza.

Kulisogeza!

Leo nimerudi, nalikuta limefungwa utepe mwekundu mbele mpaka nyuma. Viti vimejaa asumini zilizonyauka.

"Mzee wangu, gari limefanyiwa nini?"

"Lilimbeba bi harusi wetu jana, mwanangu. Usiwe na wasiwasi, nililiendesha mwenyewe, polepole."

Tena anacheka! Kisha akaniletea sahani ya pilau.

Jamani, nyinyi mngefanyaje?

Mimi nimeikataa. Na mtu wa Mombasa akikataa pilau ya harusi, jueni ameudhika kweli.