Mlango Uliomshinda Khatibu

Katika watu wote niliowajua hapa Kasulu mjini, Khatibu ndiye aliyekuwa na haraka kuliko wote, na nasema hivyo mimi ambaye cherehani yangu ilikaa hatua tatu kutoka mlango wa duka lake kwa miaka tisa. Alikula amesimama. Salamu yake ilikuwa neno moja, na siku nyingine nusu. Babu yake alitoka pwani na biashara ya nguo akafikia Ujiji, baba yake akahamia huku juu, lakini makofi yetu hawakuyazoea. Sisi Waha hupiga makofi, tukaulizana habari za nyumbani, za shamba na za wagonjwa, ndipo tukataja kilichotuleta. Khatibu alipenda kusema kwamba Muha akija kukuambia nyumba yako inaungua, utakuta majivu kabla hajamaliza kukusalimia. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya mia sikucheka.

Kazi yake ilikuwa kuchaji simu za watu, kubadilisha vioo, na kuingiza nyimbo na gemu kwenye memori kadi. Jambo moja tu hakulifanya kwa haraka: hakumwekea mteja gemu ambayo yeye mwenyewe hajaimaliza. Hiyo ilitokana na mwalimu mmoja wa Rungwe Mpya, aliyepanda baiskeli mpaka mjini kuja kumwambia, mbele za watu, kwamba gemu ya magari aliyowekewa inaganda hatua ya nne. Khatibu aliona aibu siku ile, nami nilikuwepo, nilimwona. Tangu hapo kila gemu aliicheza mwanzo hadi mwisho, kisha akaandika jina lake kwa chaki nyuma ya mlango wa duka pamoja na hukumu yake. "Tamu." "Ya watoto." "Kelele tu." Watu wa Kitanga na Muyama wakija gulioni walipita kwanza kusoma mlango huo. Gemu ambayo jina lake halikuwa mlangoni, hata ukiitoa bure, hakuna aliyeitaka.

Mwaka elfu mbili na kumi na nne, kiangazi, vumbi likiwa limejaa mpaka kwenye bobini za nyuzi zangu, alikuja kijana mrefu aliyevaa shati lililopigwa pasi kwa uangalifu. Jina lake Athanase, Mkongo, anaishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mkononi alishika karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, ya siku moja, nayo ilisema awe amerudi kabla ya jioni. Gari lake la kurudi lilikuwa la saa tisa. Alimweleza Khatibu kwamba ana gemu mpya ya mafumbo, ameitengeneza yeye mwenyewe kwenye kompyuta ya kituo cha mafunzo, amefanya kazi hiyo miezi kumi na minne, na anaomba aicheze na aseme kama inafaa.

Khatibu hakuinua macho. Alisema gemu za mafumbo hazina watu. Wateja wake wanataka mpira na kufukuzana. Mtu aliyetoka kulima maharage tangu alfajiri hataki kuumizwa kichwa na simu yake mwenyewe. Nilidhani kijana angeondoka. Badala yake alivuta kigoda akakaa, akaiweka memori kadi juu ya meza, taratibu.

"Miye karatasi ya kutoka napata mara moja kwa mwaka, siku ingine hata sipati," alisema. "Lakini jeu, hii gemu, haiombi karatasi. Ukiandika jina yake kwa mlango wako, itafika kule miye sitafika."

Hapo Khatibu aliinua macho. Akaichukua kadi, akaichomeka kwenye simu yake ya batani, ile yenye kioo chenye ufa, na kusema atatazama dakika tano tu.

Gemu iliitwa Kwa Koko. Koko, Athanase alitueleza, ndivyo wanavyomwita bibi. Ndani yake kulikuwa na mtu mdogo mwenye mzigo kichwani anayerudi nyumbani, na kila hatua njia yake imezibwa kwa namna yake. Hatua ya kwanza ilikuwa kijito. Ukisukuma mawe kwa mpangilio mbaya, hayatoshi kuvukia. Khatibu aliimaliza kwa kejeli. Ya tatu ilikuwa na mbuzi anayekufuata popote uendapo, na shida ni kumwacha mahali ambapo hatakula mtama wa jirani. Hapo kejeli ilipungua. Ya sita mtu alibeba mtungi wa maji, na ukigeuka ghafla maji yanamwagika. Khatibu aliyamwaga mara kumi na tisa. Nilimhesabia kwa sauti, kwa sababu nilikuwa na madai yangu ya siku nyingi kuhusu ile nyumba inayoungua.

Dakika tano zikawa saa nzima. Wateja wawili walikuja kuchukua simu zao, akawaonyesha kwa kidevu wazichukue wenyewe. Nami nikaacha kazi. Nilikuwa nashona mifuko ya sketi za shule, mmoja nikaushona ndani nje bila kugundua, nikasogeza kiti karibu. Nilitaka kujua mzigo ule una nini. Khatibu naye alitaka kujua. Alimuuliza Athanase mara mbili, na Athanase akatabasamu tu, akawa anaangalia saa ya ukutani zaidi kuliko alivyoangalia simu.

Ilipofika saa sita na nusu Khatibu aliingia hatua ya kumi na mbili, ya mwisho. Palikuwa na uwanja, na nyumba ya nyasi, na mlango. Basi. Hakuna jiwe la kusukuma wala mbuzi wala mtungi. Ukibonyeza namba tano, yule mtu anapiga makofi. Khatibu akabonyeza tano. Mlango haukufunguka. Akabonyeza tena, na tena, kidole kikienda kama sindano yangu. Akaizunguka nyumba. Akautua mzigo, akaubeba, akarudi nyuma mpaka ukingo wa kioo, akaja mbio. Akapiga makofi mpaka spika ya simu ikawa inakwaruza.

"Hii imeganda," alisema.

Athanase alisema haijaganda. Khatibu akamtaka amwambie basi siri yake. Kijana akakataa. Alisema akimwambia, atakayekuwa ameimaliza si Khatibu, na yeye amesikia kwamba sheria ya mlango huu si hiyo. Nilimwonea huruma na nikampenda kwa wakati mmoja. Angeweza kusema neno moja tu akapata alichokifuata, na gari lilikuwa linakaribia, lakini hakulisema. Khatibu alikasirika, na hasira yenyewe hakuwa na pa kuipeleka, maana aliyeshikwa na sheria alikuwa yeye aliyeitunga.

Saa saba ikapita. Saa saba na nusu akaja Mama Pelagia wa Kitanga, muuza maharage, kuchukua simu yake aliyoiacha ikichaji. Mama Pelagia hajawahi kufika mahali akaanza na shida. Alitua kikapu, akainama kidogo, akapiga makofi mawili ya taratibu akinielekea mimi. "Mwidiwe," akasema, akasubiri. Nikasimama, nikapiga yangu mawili, nikaitikia. Akasubiri tena kidogo, akapiga, akauliza watoto. Nikajibu, nikapiga, nikauliza shamba. Hatukuwa na haraka, na hakuna aliyemkatiza mwenzake.

Nilipogeuka, Khatibu alikuwa anatutazama mikono. Miaka tisa salamu hizo zilimpita masikioni kila siku, na leo ndiyo kwanza anaziona.

"Faudhia," aliniambia, "rudieni."

Nikamuuliza turudie nini. Akasema salamu, zote, tangu mwanzo. Mama Pelagia alinitazama kama anayeuliza kimemwingia nini mtu huyu, lakini hakuna Muha anayekataa kusalimia, kwa hiyo tukaanza upya. Khatibu alifuata kila kofi kwa macho. Tulipomaliza alibonyeza tano mara mbili, taratibu, kisha akaondoa kidole kwenye batani. Akakiweka mgongoni kabisa, mkono mzima, asije akajisahau akabonyeza tena.

Tulingoja. Sekunde zilikuwa chache, labda sita, lakini kwa Khatibu zilikuwa mwezi wa Ramadhani. Kisha kutoka ndani ya ile nyumba ndogo ya kwenye kioo yakasikika makofi mawili.

Mama Pelagia aliitikia bila kukusudia. Mimi nilicheka kwa furaha. Khatibu akapiga tena mawili, akangoja, akajibiwa. Mara ya tatu mlango ukafunguka, na yule mtu mwenye mzigo akaingia.

Ndani kulikuwa na giza. Kioo chote kilikuwa cheusi, hakuna umbo wala neno, na baada ya muda gemu ikarudi yenyewe kwenye kijito cha hatua ya kwanza.

Khatibu akaitikisa simu. Akazirudia hatua zote tangu kijito, akapiga makofi kwa adabu zote, akaona giza lile lile. Akamgeukia Athanase akamwambia kwamba hapo sasa imekatika kweli, kazi nzuri yote ile imeharibikia mwisho, na yeye hawezi kuandika mlangoni kitu kisicho na mwisho. Alisema kwa masikitiko. Naona alishaipenda.

Athanase alikuwa ameinamisha kichwa. Ilikuwa saa nane na nusu.

"Haikukatika," alisema. "Nilitoka kwetu na miaka mitano, mwaka wa tisini na sita, vita ikaja. Mlango ya koko naikumbuka, na makofi yake. Ya ndani sikumbuki hata kitu kimoja. Nilitaka kuweka chungu, niweke kitanda, lakini ingekuwa uongo. Nikaacha hivyo."

Khatibu alikaa. Sijui kama niliwahi kumwona amekaa mchana. Akamuuliza, kwa sauti ya chini, kama yeye basi ameimaliza gemu au hajaimaliza. Athanase akasema hata yeye hajui, na kwamba hilo ndilo aliloomba ruhusa kuja kuuliza.

Ndipo Mama Pelagia, aliyekuwa amechukua simu yake na kuyafunga maharage yake vizuri kwenye kikapu, akauliza kwani tatizo ni nini. Nikamweleza kwamba kijana amesahau ndani ya nyumba ya bibi yake, kwa hiyo ameweka giza.

"Si ndivyo ilivyo?" alisema. "Nyumba ya nyasi ukiingia umetoka juani, huoni kitu. Unasimama kwanza, macho yazoee. Nyie wa mabati ndio mmesahau."

Athanase aliinua uso. Alimtazama yule mama, na nilidhani amekasirika.

"Aliniambia hivyo," akasema. "Koko. Nilikuwa nakimbia ndani, najigonga kwa kitu. Akaniambia: simama hapo hapo, macho yatakuja." Akajishika paji la uso, juu ya jicho la kushoto, ambapo palikuwa na kovu dogo. "Nilijigonga kwa kinu. Kulikuwa na kinu karibu na mlango."

Alilia, na hakujificha, na mimi nikalia kwa sababu siwezi kumwona mtu analia nikabaki hivi hivi. Mama Pelagia alimpiga piga begani akisema pole, mwanangu, pole. Khatibu alinyanyuka, akaichukua chaki, akaandika nyuma ya mlango: KWA KOKO. Hukumu hakuiandika upesi. Alisimama pale na chaki mpaka nikamkumbusha kuhusu gari. Akaandika: "Inafaa. Usiharakishe." Nikamwambia amewapa watu jibu. Akasema atakayelielewa kabla ya kufika mlangoni anastahili kulipata.

Athanase alilikimbilia gari akalipata. Gemu yake ilianza na simu ya Mama Pelagia, aliyesema hajui kucheza lakini wajukuu wanajua, na kabla mvua za Oktoba hazijaanza ilishafika Kibondo. Watu walirudi kulalamika kuhusu mlango. Khatibu aliwauliza wametoka wapi na nyumbani hawajambo, akangoja wajibu, kisha akawaambia wakajaribu tena. Wengine walidhani anawakejeli.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Machi, dereva mmoja alitua bahasha dukani kwa Khatibu. Ndani mlikuwa na memori kadi na karatasi yenye mstari mmoja: ruhusa nimenyimwa, lakini hii imekuja. Khatibu aliniita. Tulipita kijito, mbuzi, mtungi, tukapiga makofi, tukaitikiwa, mlango ukafunguka, na lile giza likaja kama zamani. Safari hii gemu haikurudi kwenye kijito. Khatibu alinyoosha kidole kwenye batani ya tano, akakirudisha. Akailaza simu mezani, akaficha mikono yote miwili kwapani.

Tulikaa. Kwanza ikaonekana kona ya kinu, karibu na mlango. Baadaye makaa matatu, mekundu, chini. Mteja aliingia na kumwambia Khatibu ana haraka, naye akamwomba asimame kidogo. Kisha, upande wa pili wa makaa, polepole, ikaanza kuonekana miguu ya mtu aliyekaa.