Digrii Aliyoisoma Marehemu

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo mikono hunipoa. Nilikuwa nashuka kijia cha kwenda kwa Mwalimu Habili, pale karibu na lango la msitu, Isecheno, nimebeba mfuko wa vitabu vya chuo. Ukungu ulikuwa haujainuka. Kabla sijafika uani nikamsikia mzee anafundisha. Alisoma kwa sauti ya darasani, polepole, kisha akanyamaza na kuuliza, "Rasoa, umeelewa?" Akangoja kidogo, kama mtu anayesikiliza jibu. Halafu akasema, "Vizuri. Tuendelee."

Rasoa ni mimi. Na mimi nilikuwa bado nje, nimeshika mlango wa ua.

Nilibisha hodi nikaingia. Hakukuwa na mtu mwingine mle ndani. Palikuwa na meza, kitabu kilichofunguliwa, na upande wa pili wa meza kiti kitupu kilichovutwa nyuma kidogo, kama kwamba mtu ametoka kuinuka. Nikamwuliza alikuwa akiongea na nani.

"Mimi husomanga hivyo," akasema. "Mtu akisoma peke yake anasinzia."

Nikacheka kwa adabu, nikaweka vitabu mezani, nikaondoka kwa haraka kuliko nilivyokuja.

Lakini nimeanzia katikati. Umeniuliza, mwanangu, kama digrii ya kusomea mbali humpa mtu kazi bora au ni karatasi tu ya kutundika ukutani. Swali hilo nililiuliza mimi nikiwa na miaka thelathini na mitatu, nikifundisha darasa la nne mwaka wa kumi na mmoja mfululizo. Cheti changu kilikuwa cha chini. Mama yangu kule Chekalini alikuwa ameshaacha kuniuliza nitapandishwa cheo lini, na ukiona mama ameacha kuuliza, ujue amekuonea huruma. Nilitaka kuwa afisa elimu wa tarafa. Nilitaka sana, sikufichi. Tukaambiwa bila digrii mtu asijisumbue kuandika barua.

Basi nikajiandikisha katika chuo kimoja kilichokuwa kikifundisha kwa mbali. Wakati huo hakukuwa na haya mambo yenu ya onlaini. Ulikuwa unachukua vitabu mjini Kakamega, kila somo na kitabu chake, unasomea nyumbani, unaandika majaribio na kuyapeleka. Likizo ikifika mnakaa na wahadhiri wiki mbili, kisha mtihani. Ilikuwa njia nzuri. Naisema mapema ili usije ukadhani nailaumu njia, maana lawama yote ni ya aliyeipita.

Uvivu wangu niliupa majina mazuri. Niliuita uchovu, kisha nikauita majukumu. Ndipo nikamkumbuka Mwalimu Habili. Alikuwa amenifundisha kule Chekalini nilipokuwa msichana, kabla hajastaafu na kurudi kwao Isecheno. Mkewe alikuwa amefariki, watoto hawakujaliwa, na boma lile alikaa na dada yake, Mama Peris. Chuo kikuu alikitamani maisha yake yote, lakini alipokuwa kijana njia zilikuwa chache, na zilipofunguka, yeye alikuwa ameshazeeka. Nilipompelekea jaribio la kwanza nikamwomba anisaidie kidogo. Kidogo ikawa zaidi, na zaidi ikawa yote.

Hakutaka malipo. Nilimpelekea kuku mara moja akamrudisha na mimi. Aliomba jambo moja tu: "Ukikuja kuchukua kazi, tukae hapa mezani tuisome pamoja."

"Safari ijayo, Mwalimu," nikajibu. Nilijibu hivyo kwa miaka minne.

Vile vitabu sikuvifungua. Nilivitoa mjini, nikavishusha kwake, nikaviacha hapohapo. Mtihani ukikaribia aliniandikia karatasi mbili za muhtasari, nikazikariri nikienda choo na nikirudi, nikafaulu, na wiki iliyofuata nikawa nimesahau yote. Ninyi leo hata mzee hamhitaji. Simu yenyewe inawaandikia, wala haiwaombi mkae nayo mezani.

Mwisho wa kozi ukaja utafiti. Mimi nilitoa kichwa chake tu, kuhusu watoto wa vijiji vya kando ya msitu wanaokosa shule. Mwalimu Habili ndiye aliyetembea nyumba kwa nyumba na fimbo yake, akiuliza wazazi, akiandika. Alipomaliza alinipa bahasha kubwa ya kaki. Akaishikilia upande wake, nami nimeishika upande wangu, akawa haiachii.

"Hii usome, Rasoa. Hii uisome yote."

"Nitaisoma, Mwalimu."

Akaiachilia. Niliipeleka moja kwa moja mjini, mtaa wa Amalemba, kwa msichana aliyekuwa na kompyuta, anipigie chapa na kuijalidi. Nilipokwenda kuichukua siku ya Ijumaa, msichana yule alinitazama vibaya kidogo.

"Mwalimu," akaniuliza, "huyu mzee wa hapa ndani ako hai?"

"Mzee gani?"

"Huyu anaongea kama mtu ameshaenda."

Nikamwambia wazee ni wengi. Nikatoka na kitabu changu chenye jalada jeusi, na kabla sijavuka barabara simu ikalia. Alikuwa Mama Peris. Mwalimu Habili alikuwa ameanguka asubuhi ile akiwa mezani, na hakuinuka tena.

Tulimzika kando ya nyumba yake. Siku ya tatu baada ya mazishi ikawa siku ya kunyoa, na wewe uliyekulia mjini huenda huijui vizuri. Wafiwa hunyolewa nywele, kisha mzee wa ukoo husimama mbele ya watu na kuuliza, "Nani ako na kitu cha marehemu? Na nani ana kitu chake marehemu alikuwa nacho?" Kila mtu hutaja, ili marehemu asiende na mzigo na walio hai wasibaki nao. Siku hiyo mwanamume mmoja alitaja msumeno. Mama mmoja akasema ana kuku wa marehemu anayeatamia kwake. Mzee aliuliza mara ya pili, kisha ya tatu.

Mimi nilikaa kimya. Mwalimu mkuu wangu alikuwa amekaa safu ya mbele yangu, na kitabu kile cheusi kilikuwa kimeshafika chuoni na jina langu juu yake. Mama Peris alikuwa amenyolewa kipara, amekaa mlangoni, ananitazama. Mbega walikuwa wakilia msituni mchana kweupe, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja, na uani pakawa kimya kiasi kwamba nilisikia wembe ukiwekwa kwenye sahani.

"Basi," akasema mzee. "Kitu hakijatajwa leo kitajitaja chenyewe."

Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema. Mimi niliona ni maneno ya kutisha watoto.

Siku ya kuhitimu nilivaa joho, mama akapiga vigelegele, nikavishwa kilemba cha ukoka mbele ya watu. Jina langu lilipoitwa niligeuka nyuma kwanza kumtazama anayeitwa. Kiti cha nyuma yangu hakikuwa na mtu. Aliyekuwa jirani yangu akanisukuma begani, "Si ni wewe?" Nikainuka, nikapanda jukwaani.

Miezi michache baadaye nafasi ya afisa elimu ikatangazwa. Tuliitwa wanne, na barua ilisema kila mmoja aje na vyeti vyake na nakala ya utafiti wake. Mmoja wetu alikuwa Jescah, mwalimu wa shule ya jirani, tuliyesoma naye kozi ileile kwa vitabu vilevile. Alikuwa akisoma jikoni mtoto mgongoni, na tulikuwa tukimcheka.

Niliingia saa tisa, wakati ambao mvua ya Kakamega hufika. Mbingu ilikuwa imeshafunga na taa ya chumba ilikuwa imezimika, hivi kwamba sikuziona nyuso zao vizuri. Walikuwa watatu, na mwenyekiti alikuwa mama mwenye miwani. Hakuniuliza nimesomea wapi wala kama nilikaa darasani. Alifungua kile kitabu changu cheusi, akakisogeza dirishani penye mwanga.

"Nimependa sana hapa," akasema, akaanza kusoma. "Mhojiwa wa kumi na mbili ni mwanamume, mwalimu mstaafu, anaishi karibu na lango la msitu. Anasema: Nina kitu changu kwa mtu, nami sitakidai. Nitakuwa nimekwenda atakapoulizwa habari yangu, na siku hiyo ndipo atakapojua alinichukulia nini."

Akainua macho.

"Tuambie, Mwalimu. Huyu mzee alikuwa anadai nini?"

Mwanangu, mvua ilishuka juu ya mabati wakati huohuo, nami nikafurahi, nikidhani kelele zitanisitiri. Hazikunisitiri. Walingoja. Nikamwona Mwalimu Habili upande ule wa meza, kitabu mbele yake, anangoja kama alivyokuwa akingoja asubuhi ile ya ukungu. Niliogopa woga ambao sijawahi kuuogopa tena. Yule mama akadhani sikusikia kwa sababu ya mvua. Akaegemea mbele, akasema polepole:

"Rasoa, umeelewa?"

Maneno yaleyale. Nikasema, "Hapana." Hilo lilikuwa neno langu la kwanza la kweli katika miaka minne.

Kazi ile ilimwendea Jescah. Ofisini kwa walimu, wenzangu wakanifariji kwamba hizi digrii za kusomea mbali wakubwa wanazidharau, nami kwa aibu niliwaacha wafikiri hivyo. Na Jescah je? Digrii yake ilitoka mbali ileile.

Nilikaa wiki nzima silali vizuri, kisha nikaenda Isecheno. Nikamwomba Mama Peris amwite yule mzee wa ukoo. Mbele yao, na mbele ya kaburi, nikataja: nina digrii ya marehemu. Nilieleza kila kitu. Mzee hakunikaripia kwa sauti. Alisema tu, "Ulikaa hapa mara tatu nikiuliza." Kemeo hilo dogo lilinichoma kuliko viboko.

Mama Peris akaingia ndani akarudi na gunia. "Sisi tulikuwa tunakungoja," akasema. "Alisema tusikuite. Alisema utakuja."

Ndani vilikuwa vitabu vyangu vyote vya chuo. Nikafungua cha kwanza. Pembeni mwa kila ukurasa, kwa kalamu ya penseli, kwa ule mwandiko alionifundishia kuandika nikiwa mtoto, palikuwa na maelezo, mifano ya pale kwetu ya mahindi na kuni, utani mdogomdogo, na chini yake: Rasoa, umeelewa? Chini ya swali aliacha nafasi ya mistari miwili ya jibu langu. Ukurasa baada ya ukurasa, kitabu baada ya kitabu, nafasi zote tupu. Mzee yule alikuwa amenifundisha miaka minne, na mimi sikuwapo. Nililia hapo uani jinsi ambavyo siku ya mazishi sikulia.

Nilivibeba nyumbani. Nikavisoma vyote, kuanzia cha kwanza, nikijaza zile nafasi kwa kalamu yangu. Ilinichukua miaka miwili na zaidi. Nilisoma kwa sauti, na mahali alipoandika nisimame nilisimama. Kitabu cha mwisho, ukurasa wa mwisho, hakuuliza kitu. Aliandika: Ukifika hapa, tumehitimu wote wawili.

Nilirudi kwenye usaili mara mbili. Mara ya kwanza nikakosa, na sababu siijui hadi leo, maana dunia haina haki kila Jumatatu. Mara ya pili nikapata, na kazi hiyo ndiyo niliyostaafu nayo. Swali la mhojiwa wa kumi na mbili nilijibu bila kufungua kitabu. Alikuwa akidai mwanafunzi.

Basi swali lako nalijibu hivi, mwanangu. Ndiyo, digrii ya mbali humpandisha mtu, nimeona kwa macho yangu, kwa Jescah na kwangu. Iko pia ya kutundika ukutani, na hiyo hata ya darasani ipo. Kabla hujalipa karo, uliza kama chuo kinatambuliwa, na uulize wenye kazi unayoitaka wanatafuta nini, kwa sababu wengine hawahitaji digrii, wanahitaji mikono. Kisha ukijiandikisha, soma wewe. Anayekusomea, awe mtu au simu, anakwenda na elimu yako, na siku ya kuulizwa utakuwa peke yako chumbani. Na ukishafanya kosa kama langu, usingoje lijitaje. Nenda ukalitaje mapema, maana kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Nami bado husoma kwa sauti asubuhi, ukungu ukiwa haujainuka. Kiti cha upande wa pili nimekivuta kidogo. Majirani wapya wakipita huuliza naongea na nani, nami huwaambia mtu akisoma peke yake anasinzia. Nikifika mwisho wa ukurasa husimama, nikangoja, na kuna asubuhi ambazo naapa nimeulizwa. Nami hujibu, "Nimeelewa, Mwalimu."

Mungu wa baba zetu akuwekee mtu wa kukuuliza hivyo maishani, mwanangu, na akukute umeketi mezani.