Fundi Unaendea Nini

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limekwisha kazi. Mtaa mzima ulimwita Fundi Unaendea Nini, naye alitembea na jina hilo kifua mbele, kana kwamba amevishwa nishani. Kumbe alikuwa anatukanwa.

Alikuwa fundi wa mabegi ya safari. Kibanda chake kiliegemea ukuta wa ghala la saruji, na ndani mlikuwa na meza moja, sindano nene, kipande cha nta cha kupitishia uzi, kopo lililojaa vichwa vya zipu, na magurudumu ya kila aina yaliyotungwa kwenye waya. Ufundi wake haukuwa na doa. Tatizo lilikuwa mdomo. Ukimpelekea begi lililochanika, hakugusa sindano mpaka amekuuliza swali lake. Hakuuliza unakwenda wapi. Swali hilo, alikuwa akisema, ni la makondakta. Yeye aliuliza unaendea nini.

Na watu, kwa kuwa hawajui wanachoendea, walijibu ovyo. Kuna bibi mmoja aliyesema anakwenda kupumzika. Fundi akafungua begi, akakuta viatu vya visigino virefu, jozi baada ya jozi. "Hizi ndizo ndara zako za kupumzikia?" akamuuliza mbele ya wateja wengine. Bwana mmoja alisema anakwenda kwenye mkutano wa kikazi, na begi lake halikuwa hata na kalamu, ila manukato na shati la kulalia ambalo bado lina bei yake shingoni. Kijana wa duka la simu alirudi kutoka kwenye maporomoko ya maji akaja kuonyesha picha zake. Fundi akazitazama zote.

"Maporomoko yenyewe yako wapi?"

"Si hayo, Mzee, hapo nyuma ya sikio langu."

"Basi ungebaki nyumbani ukalipiga picha sikio. Tungeletewa maporomoko na redio."

Watu walicheka, na fundi akapata kichwa. Akajitungia na msemo: anayejua anachoendea hubeba begi dogo. Aliusema kila siku, hata kwa watu waliokuwa wamefuata uzi tu. Lakini mganga hajigangi, na fundi huyu tangu aanze kuwasimanga wasafiri alikuwa hajasafiri hata mara moja.

Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa mji wa mbali. Siku ya harusi, pale pale mtaani kwa fundi, bwana harusi alitangaza kwa furaha kwamba atafungua duka la magodoro. Fundi akasimama mbele ya wageni, hakuna aliyempa nafasi ya kusema, akasema: "Godoro si mkate, mwanangu. Mtu akinunua leo, mtaonana tena akizeeka." Ukumbi ukaangua kicheko. Bwana harusi akatazama sahani yake, na binti akatazama baba yake, na jicho lile halikuwa la mchezo. Tangu siku hiyo fundi hakukanyaga kwao. Hata mjukuu alipozaliwa, aliyekwenda ni mkewe, na kikapu chake kimoja cha mkononi. Alikaa kule mpaka kitovu cha mtoto kikapona.

Kisha siku moja zikaja habari kwamba duka la magodoro limefungwa, na mkwe sasa anabeba magunia kwenye stendi ya malori. Fundi alizipokea akiwa anapachika gurudumu. Akaweka koleo chini. Jioni ile ile akamwambia mkewe, "Mama, nimemkumbuka mjukuu wangu. Nataka kwenda kumwona."

Tazama watu! Mtoto ameota meno bila kukumbukwa, duka limekufa leo, na leo hii babu ana kiu ya mjukuu.

Binti yake hakuwa mjinga. Alipopigiwa simu aliuliza kwa sauti aliyoirithi kwa baba yake mwenyewe: "Baba, unajia nini?"

"Namjia mtoto."

"Mlango uko wazi. Ila nakuambia mapema. Kama unajia kumsimanga mume wangu, hutamwona mtoto huyu tena mpaka akue aje kukutafuta mwenyewe. Sitanii, Baba."

"Aa, mwanangu! Mimi tena?"

Ndiyo, yeye tena. Alianza maandalizi, na maandalizi yenyewe yalikuwa kichekesho. Alijiundia begi kubwa kuliko yote yaliyowahi kupita kibandani pake, likachukua magurudumu bora, mpini bora na zipu nene ya shaba ambayo hakuwahi kumshonea mteja yeyote. Akatia suti ya harusini. Akatia viatu vya ngozi pamoja na dawa yake na brashi, tai mbili, na koti la baridi ingawa hakukuwa na baridi. Mkewe alimkuta amekaa kitandani akilitazama begi lile kwa mahaba. Akapiga goti, akapekua kimyakimya mpaka chini.

"Mtoto unayemwendea yuko wapi humu?"

"Una maana gani?"

"Sioni hata soksi. Hapa pana suti, tai na viatu vya kung'aa. Baba watoto, hili ni begi la hakimu."

Akamletea sweta dogo alilolifuma mwenyewe. Fundi akasema begi limeshajaa. Na kweli lilikuwa limejaa, kwa hiyo mama akalirudisha sweta kabatini, akaenda zake jikoni. Hakubishana naye. Alikuwa ameishi na mdomo ule miaka mingi na alijua haushindwi ila na mwenyewe.

Safari nzima fundi hakutazama dirishani. Alikuwa akipanga maneno yake, aanze vipi, atue wapi, amtazame mkwe kwa jicho gani. Abiria wa pembeni alimuuliza anakwenda wapi, naye, kwa mara ya kwanza maishani, akajibu jina la mji tu.

Stendi alipokewa na mkwe mwenyewe, bado ana vumbi la magunia nywelini. Kijana akalitazama begi, akasema, "Shikamoo, Baba. Lete nikusaidie," akalitupia begani. Njia ilikuwa ya mawe, na yale magurudumu bora hayakugusa ardhi. Walipofika, chumba kilikuwa kimoja na sebule ndogo, ukutani godoro moja la dukani limesimamishwa, bado lina nailoni yake. Binti akatoa chai. Mtoto akaketishwa kwenye mkeka, akamkodolea macho babu yake, akaanza kulia.

Fundi alipaswa kumbembeleza. Badala yake alilitazama lile godoro, akakohoa, akayatoa yote. Kwamba alisema. Kwamba mbele ya watu alisema. Kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Kwamba godoro si mkate. Aliyasema kwa mpango na kwa ufasaha, na alipomaliza akasubiri ubishi.

"Kweli, Baba," mkwe akasema. "Ulisema."

Basi. Akainua kikombe chake, akanywa.

Alichokiendea fundi alikipata chai yake ikiwa bado ya moto, na tiketi ya kurudi ilikuwa ya Jumapili, siku kadhaa mbele. Binti alimwinua mtoto, akasimama mlangoni mwa chumba. "Umekipata ulichojia," akasema. Hakupaza sauti. Akaingia ndani na kufunga mlango, na baba yake akabaki na chai. Alielewa kwamba amempoteza mjukuu.

Siku zilizofuata zilikuwa adhabu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu hakuna aliyempa hata ufagio. Mkwe aliondoka alfajiri na kurudi hoi, akisalimia kwa adabu ileile, na adabu hiyo ilimuuma fundi kuliko tusi. Binti alimwandalia chakula na kumwambia "karibu", halafu akahamia chumbani na mtoto wake. Suti haikuvaliwa. Mzee wa watu alikaa mkabala na godoro, wametazamana, na ukweli usemwe, kati ya hao wawili godoro ndilo lililokuwa na maana pale ndani.

Jumapili asubuhi alilishusha begi ili afunge vitu vyake. Akavuta zipu, ikalia zzzrrr. Mtoto, aliyekuwa akitambaa upande wa pili, akainua kichwa. Fundi akairudisha, zzzrrr. Mtoto akacheka, akaja mbio kwa magoti, akampita babu yake kana kwamba ni stuli, akaikamata zipu kwa mikono miwili. Hakuvutiwa na sura ya babu, hakuvutiwa na damu wala ukoo. Alipenda zipu.

Yule mkosoaji wa wasafiri wote akalala kifudifudi sakafuni, akawa anafungua na kufunga, anafungua na kufunga, huku machozi yanamtiririka. Binti alisimama mlangoni akawatazama muda mrefu. "Basi litakuacha, Baba," akasema hatimaye. Safari hii hakumwondoa mtoto.

Fundi akatoa suti, viatu, tai na koti, akavishindilia kwenye mfuko wa nailoni wa sokoni. Begi akaliacha pale pale mkekani. Mlangoni akamshika mkwe mkono, akafungua mdomo ule, na kwa mara ya kwanza ulikosa cha kusema. "Asante kwa kunibebea mzigo," akasema mwishowe.

Alishuka mtaani kwake mfuko ukiwa umepasuka, mguu wa suruali unaburuta vumbi, na wateja wake wakampigia miluzi. "Fundi! Uliendea nini?" Hakujibu hata mmoja. Nyumbani mkewe aliutazama mfuko ule, akamtazama na yeye.

"Begi liko wapi?"

"Nimelisahau."

"Begi kubwa kama kabati, umelisahau?"

"Ndiyo. Itabidi niliendee." Akaketi akavua viatu, macho chini. "Waulize kama naweza kwenda mwezi ujao. Mimi naogopa kupiga."

Mkewe akapiga simu. Binti akapokea, na fundi akasikia, kwa mbali, zzzrrr, na kicheko.

"Mama, mwambie aje alijie begi lake," binti akasema. "Ila zipu, mtoto hataki mtu mwingine aifungue ila yeye mwenyewe."

Mama akaenda kabatini, akatoa lile sweta, akamwekea mumewe mapajani.