Anafungua Betri ya Gari Asiloruhusiwa Kuendesha

Jua la asubuhi linaingia gereji, na fundi mwenye mvi za pembeni anainamia gari jekundu la kifahari, lile la kukimbia, si la kubebea familia. Analegeza nati kwa spana, anachomoa waya wa hasi wa betri na kuufunga kitambaa usiguse chuma.

"Likikaa bila kufanyiwa hivi, kengele ya wizi na saa vinanyonya chaji mpaka betri inakufa," anaeleza. "Mwenyewe analitoa mara mojamoja. Akirudi, nafungua. Akitaka kutoka, nafunga."

Mwenyewe ni mdogo wake, tumbo moja. Mtaani wanamwita Bosi. Kaka mtu wanamwita Betri.

Mdogo alifanikiwa katika vifaa vya ujenzi. Karakana ya kaka ilipofungwa, akamwajiri atunze gari lake. Mshahara unatosha kodi na ada, na hauchelewi.

"Sina la kulalamikia," anasema fundi, kisha analalamika. "Mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha. Alikuwa anakanyaga breki kama anaua mende."

Miaka yote ya kazi hiyo hajaliendesha hata kufika getini. Alimeza uchungu, hadi mwezi uliopita rafiki wa mdogo wake alipokuja kutembea na kurushiwa funguo. Fundi akaambiwa afunge betri.

"Nilifunga. Mikono inafanya kazi, moyo unawaka. Yule jamaa hata kurudi nyuma alihangaika."

Walipolirudisha, akapiga moyo konde.

"Nikamwambia, mdogo wangu, nami nizunguke nalo mtaa mmoja tu. Akacheka. 'Kaka, hili si la kujaribia.' Nikachukua spana, nikafungua betri."

Mkewe, fundi cherehani, anasema tangu siku hiyo mumewe hakai akatulia. "Chakula anakichokonoa tu. Ukimuuliza, anasema joto."

"Si joto. Ni wivu," mume anakubali, akitazama viganja vyake. "Kumwonea wivu mtoto uliyembeba mgongoni ni aibu. Lakini ninao, nifanyeje?"

Mwezi ujao anaanza kufundisha katika chuo cha udereva. Mdogo wake bado hajaambiwa.

Na lile gari, limemtoka moyoni?

Anapangusa spana.

"Bado nalitaka. Safari moja tu. Mimi kwenye usukani, yeye kiti cha pembeni. Na asinifundishe kitu."