Cherehani Iliyosikika Gasenyi

Utoto wangu niliumalizia Buterere, kando ya mashamba ya mpunga, lakini kwetu ni Gasenyi, kituo kidogo cha biashara kule milimani: maduka machache yaliyotazamana, mashine ya kusaga, kanisa na kilabu cha pombe ya ndizi. Vita vilipotufikia tulikimbilia Buterere asubuhi moja, sote, isipokuwa baba mdogo Severi, fundi wa nguo. Watu wawili walisema walimwona akianguka. Bibi alimlilia mwanawe, matanga yakaisha, na jina lake hakulitaja tena.

Miezi ikapita. Wanawake waliopita Gasenyi kutafuta mihogo wakashuka na habari: katika duka la Severi cherehani inalia mchana kweupe. Bibi hakushangaa.

"Mutu asipozikwa, anarudilia kazi yake," alisema. "Musikanyage kule."

Baba hakuwa na subira na maneno hayo. Mapigano yalipopoa kidogo tulipanda pamoja. Alinichukua kwa kuwa mwanamume mwenye mtoto hakusumbuliwa sana kwenye vizuizi vya barabarani.

Majani yalikuwa yamefika madirishani. Milango ilikuwa imeng'olewa, na ndani ya kanisa mboga za maboga zilitambaa kati ya mabenchi. Kisha tukaisikia cherehani. Nilivuta shati la Baba nikitaka turudi. Yeye akaingia.

Alikuwa Severi mwenyewe, amebaki mifupa, mguu mmoja umevimba hata haukanyagi chini, anashona gunia ajifunike. Alicheka, kisha akalia.

"Mama iko muzima?" aliuliza.

Baba alimwachia chakula chote tulichobeba. "Nitarudi na watu tukubebe," alimwambia.

Huko Buterere Baba aliwaita wanaume wa Gasenyi uani kwetu. Bibi akatoka.

"Mama, ni Severi. Nimemushika mukono."

"Mizimu nayo inashikikaka," Bibi alijibu. "Mutoto wangu nilimulia nikamaliza. Mwenye ataenda kumubeba, ataleta kifo humu ndani."

Wanaume wakatazama chini. Huyu mgongo ulimuuma, yule mkewe alikuwa mgonjwa. Nilipaza sauti kwamba nilimwona, kwamba alinuka jasho kama mtu yeyote. Niliambiwa ninyamaze. Baba aliipiga ndoo teke, akaondoka.

Mpaka alipopata huko Gatumba vibarua wa kumbeba, watu wasiojua habari zetu, risasi zilikuwa zimeanza tena na njia imefungwa. Tuliporuhusiwa kupanda, duka lilikuwa limeungua. Severi hatukumwona, hai wala maiti.

Amani iliporudi, vilima vya jirani vilijaa watu. Gasenyi hakurudi hata mmoja. Leo vijana waliozaliwa juzi hunionyesha kwa mbali: "Pale iko mizimu, mama."

Bibi alipokuwa karibu kufa aliniita kitandani.

"Siku ile, aliuliza juu yangu?"

"Ni juu yako aliuliza kwanza, Bibi."

Akavuta kitenge, akajifunika uso.

Mimi nami sasa ni mama, na nadhani namwelewa. Alikuwa amekwisha kumlilia mwanawe mpaka mwisho. Hakuweza kumpokea, asije akampoteza tena. Bibi nimemsamehe. Wale wanaume waliotazama chini ndio hasira yangu haijawaacha, kwa maana walikuwa na miguu mizima, na ilikuwa safari ya asubuhi moja tu.