Wageni Wamefika, Wapikie Chai

Walubengo amemjua mama yake! Wacha nianze na hiyo ndio ushikilie, juu hiyo ingine yote ni nzito.

Huko Kibomet, Kitale, kuna msichana anaitwa Aaliyah. Mwaka wa 2009 alikuwa anakaa kwa kibanda cha shangazi yake Hawo, pale watu wa vijiji vya Kwanza na Saboti walikuwa wanaacha simu zichajiwe wakienda soko. Siku nzima ni kuketi tu katikati ya waya. Na kasimu kake akapata chumba kimoja cha kuchati, jina Wapanda Mlima.

Usidhani ni Mlima Elgon. Hao walikuwa watu wa kula vitu vya kupeleka kichwa mbali, uyoga, mbegu, na haya maua meupe ya tarumbeta yamejaa kwa fensi huku kwetu, yenye hata ng'ombe huyapita tu. Kula ni "kupanda". Mtu mpya ni "viatu vipya". Ukianza kuandika vitu hazieleweki, ati "umeacha viatu juu". Na hakuna kutaja jina lako la ukweli, hiyo ndio ilikuwa sheria.

Aaliyah mwenyewe hakuwahi kupanda. Huyo hata dawa ya malaria alikuwa anabembelezwa. Lakini mdomo, wacha bana. Siku moja msee aliandika anaona watu wamejaa kwa nyumba na ako peke yake. Hayo maua ndio kazi yake, yanakuletea watu hawako na unapiga nao stori kabisa. Aaliyah akamjibu, "Si uwapikie chai, hata heshima huna?" Chumba kizima wakavunjika mbavu. Kutoka hapo mmoja akisema "wageni wamefika", wote wanarudisha "wapikie chai". Yeye wakamuita Mama Chai. Na alisikia poa sana, kujulikana hivyo na watu hajawahi kuona.

Jumapili moja kijana wa Bungoma, kwa chumba anaitwa Ndizi Mbivu, akaandika, "Wageni wamefika. Ni wengi."

"Wapikie chai," mmoja akamwambia.

"Na tangawizi."

Aaliyah akamalizia, "Maziwa iwe mingi, wametoka mbali."

"Sawa, Mama Chai."

Halafu kimya. Wakamcheka, ati ameenda kukamua.

Kesho yake Ndizi Mbivu akarudi, lakini mwenye kuandika hakuwa yeye. "Mimi ni Roselyne, dada ya Walubengo mwenye hii simu. Jana tukiwa kanisa aliwasha stovu, akajimwagia mafuta, akashika moto. Ako hospitali, hajui hata sisi ni nani, anaongea na ukuta. Daktari anauliza alikula nini. Uncle anasema amerogwa, leo anamtoa wodi ampeleke kwa nabii. Tafadhali, alikula nini?"

Watu wakaanza kutoka kwa chumba mmoja mmoja. Mmoja aliandika "si mimi", naye akatoka. Aaliyah akabaki na Roselyne.

"Alikula maua ya tarumbeta," akaandika.

"Nimeonyesha uncle. Anasema hayo ni maneno ya simu, hata mwenyewe hana jina. Kuja useme."

Aaliyah akamwangalia Hawo, alikuwa anakunja waya.

"Shangazi, kuna mtu nimechoma."

"Umechoma simu ya nani tena?"

"Si simu."

Akamwambia yote. Hawo akaweka waya chini. Halafu akafunga kibanda, simu za watu zikiwa ndani. "Jifunike vizuri," akasema. "Tunaenda kwa wenyewe."

Walipofika hospitali Bungoma, uncle Wakoli alikuwa tayari amekusanya nguo kwa kifuko. Mama yake Walubengo, anaitwa Rispah, alikuwa ameketi kando ya kitanda. Walubengo mikono yote bandeji, amefungwa na shuka asianguke, anauliza ukuta kama sukari imetosha.

Aaliyah akasogea mpaka kwa kitanda.

"Nyinyi ni watu wa wapi?" Wakoli akauliza.

"Naitwa Aaliyah, wa Kibomet. Mimi ndio nilimwambia apike chai."

"Kumbe mrogaji amejileta."

"Hajarogwa, mzee. Alikula maua ya fensi. Ni sisi tulikuwa tunacheka."

Rispah akamwangalia, akamuita mama kwa lugha yao. "Mlikuwa mnacheka nini, mayi?"

Aaliyah akatoa simu, akamsomea yote.

Daktari alikuwa amesikia yote kutoka kwa mlango. "Sasa hii najua vile tutaifanya," akamwambia Wakoli. "Lakini ukimtoa hapa, hiyo mikono itaoza, na yeye utazika." Wakoli akasimama na kile kifuko cha nguo, akakishikilia weee, mwisho akakirudisha chini ya kitanda.

Maua yalipomtoka kichwani, Walubengo alimgeukia mama yake akasema, "Mayi, maji." Rispah akalia mpaka manesi wakakuja.

Lakini mkono wa kulia haukurudi. Vidole vilikatwa, jembe hawezi shika. Aaliyah huwa anaenda kumuona. Rispah anampokea, anampa kiti, anampa soda. Chai hajawahi kumpa.

Kwa chumba alirudi mara moja, akaandika jina lake la ukweli na yenye ilitendeka. Wengine walimcheka, wengine wakatoka.

Sasa wewe umesoma. Mtu akikuandikia ati wageni wamefika, usimcheke. Muulize ako wapi, na nani ako karibu, halafu umtafute huyo wa karibu. Tumia watu wako hii meseji, tafadhali.