Seva ya Akiba Iliyonuna

Shangazi yangu akikasirika hafoki. Anapanga vitu. Asubuhi ile alipanga vikombe, chaja, hata viatu vyangu, nikajua kazini kwake mambo yamechafuka.

Anatunza seva za hospitali, na siku hiyo alikuwa anafanyia kazi mezani kwetu. Alishanieleza kwa vijiko: seva kuu inapokea kila kinachoandikwa mapokezi na maabara. Ya akiba inanakili yote, iwe tayari kuu ikianguka. Sasa alitaka ile ya akiba imege majibu ya maabara tu, iyatume kwenye skrini za wodini, kuu isilemewe. Bosi alimpa hadi mchana. Ikishindikana, mradi ufe, manesi waendelee kukimbizana na karatasi.

Bosi huyohuyo, kwa kuogopa data kuharibika, aliamuru mapokezi na maabara wasiandike chochote mpaka kazi iishe.

Shangazi akaandika amri. Seva ya akiba haikukataa, haikutoa kosa, ilikaa tu kama mtu aliyenuna. Akakagua mtandao, nywila, mipangilio, vyote vizima. Akakata, akaanza upya. Kimya. Bosi kila saa simu, imefikia wapi, na shangazi anamjibu kwa adabu huku meno yameumana.

Kisha karani wa mapokezi akapiga simu. Foleni imefika getini, alisema, na kuna mzee anatapika; yeye karani amechoka kutukanwa kwa ajili ya watu wa kompyuta, kwa hiyo amemwandikisha mzee kwenye mfumo.

"Nani kakuruhusu?"

"Tumbo lake, dada."

Shangazi alifungua mdomo amchambue, halafu macho yakaangukia skrini. Amri ilikuwa imekubali.

Akanieleza kwa hasira mpya. Seva ya akiba haiwezi kuanza kugawa mpaka kuu iiambie ni kazi zipi zinaendelea, na kuu haina la kusema kama hakuna anayeandika. "Tumeiziba mdomo wenyewe, halafu tunasubiri iongee. Na mimi nikakubali kama bwege."

Maabara wakaruhusiwa kuandika tena, majibu yakaanza kuingia wodini. Bosi akapiga kupongeza, akaomba taarifa ya mafanikio. Shangazi akamwambia ataandika, ila kwanza ateremke mapokezi awaeleze wale watu kwa nini wamekaa juani bure. Bosi akasema yeye angejuaje.

"Hata mimi sikujua," shangazi alisema, akitafuta funguo zake. "Teremka, bosi. Nakuja, tutukanwe wote."